Bandari Isiyo na Maji Wala Upepo: Kwa Nini Kutua Mwezini Bado Ni Kazi Ngumu

Jioni ya mwezi 29 Shaaban tulikuwa wengi ufukweni hapa Malindi, tumeipa bahari mgongo. Mgeni angeshangaa, lakini mwezi mwandamo huonekana magharibi, upande wa bara, juu ya minazi, kitambo kidogo baada ya jua kuchwa. Tukiwa tunangoja, kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha video ya mtu anayeapa kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga Mwezi. Hoja yake ilikuwa moja, na aliirudia kama kiitikio: mwaka 1969 walisema wamefika kwa kompyuta dhaifu kuliko simu hii ya mkononi, leo wana kila kitu, na vyombo vyao vinaanguka kimoja baada ya kingine. Basi hawakwenda.

Vijana wengine walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa majahazi kwa miaka mingi hakucheka. "Hilo ni swali la haki," alisema. "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya. Hebu tueleze." Nilianza kueleza, nikafika nusu, adhana ya Magharibi ikatukata. Niliyobakiza nayaandika hapa, kwa sababu swali hilo nimeshalikuta barazani, darasani na ndani ya matatu, na kila mara linajibiwa kwa kicheko badala ya maelezo.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna kuzunguka, yaani chombo kuizunguka dunia au Mwezi bila kugusa chini. Njia kinayopita huitwa obiti. Kuna kugonga, yaani chombo kufika Mwezini kwa kasi yake yote na kuvunjika. Chombo cha Urusi ya Kisovieti, Luna 2, kilifanya hivyo mwaka 1959, na kwa wakati ule huo ulikuwa ushindi mkubwa. Na kuna kutua: kufika taratibu, kusimama, na kubaki kizima. Hilo la tatu ndilo linalowatoa watu jasho hadi leo. Dunia ilisubiri mpaka Februari 1966, Luna 9 ilipotua, ndipo ikaona picha ya kwanza iliyopigwa juu ya uso wa Mwezi.

Halafu umbali. Wengi hudhani Mwezi uko juu kidogo tu ya pale setelaiti zinapopita. Chukua nazi iliyofuliwa na ndimu ndogo. Nazi ndiyo dunia, ndimu ndiyo Mwezi. Vipimo vyake vinakaribiana sana na ukweli. Sasa uviweke umbali gani? Nimewajaribu watoto wa jirani, na karibu wote huiweka ndimu pembeni ya nazi. Sivyo. Inatakiwa uiache nazi sakafuni na utembee mita tatu na zaidi, ndipo uiweke ndimu. Umbali wenyewe ni kilomita 384,400. Kile kituo cha kimataifa cha anga wanakoishi wanaanga, kwa kipimo hicho hicho, kinaelea juu ya ganda la nazi kwa kimo kisichofika nusu sentimita.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Wazee wa Ngomeni wanakumbuka roketi za Waitaliano zikiondoka baharini, kwenye majukwaa ya San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliondoka pale setelaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wenye fani hiyo wanaitaja hadi leo, na mimi hujivuna kila ninapolikuta jina hilo la Kiswahili vitabuni mwao. Lakini nimesikia watu wakisema roketi zile zilikuwa zikienda Mwezini. Hapana. Uhuru ilizunguka kwenye kimo cha kilomita mia tano na kitu, yaani nusu sentimita ya nazi yetu, na roketi iliyoipeleka ilikuwa na uzito wa kama tani 20. Ile iliyowapeleka watu Mwezini, Saturn V, ilikuwa na urefu wa mita 110 na tani zipatazo 2,900.

Sasa tufike kwenye kiini, na hapa ndipo nahodha alipoelewa kabla sijamaliza kusema.

Chombo kinachozunguka karibu na uso wa Mwezi huenda kilomita 1.7 hivi kwa sekunde. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120. Kwa mwendo huo ungefika kabla ya dakika moja na robo. Kasi yote hiyo lazima ifutwe, mpaka chombo kiteremke kwa mwendo wa mtu anayetembea, tena polepole. Ifutwe na nini?

Duniani tuna hewa. Wanaanga wanaporudi nyumbani huingia kwenye angahewa, yaani lile blanketi la hewa linaloizunguka dunia, na hewa yenyewe huwazuia mpaka chombo kinawaka moto kwa nje. Mwishoni hufunguka miavuli na wanashuka baharini au nchi kavu. Nahodha alisema hivi: "Ukiingia bandarini unashusha tanga, maji yanakupunguza mwendo yenyewe. Kazi yako ni usukani tu." Ndivyo. Mwezi hauna hewa ya kusaidia hata chembe. Mwavuli ungening'inia kama shuka lililolowa. Ni bandari isiyo na maji wala upepo, na breki pekee ni injini iliyogeuzwa ielekee kule chombo kinakokwenda, ikiwaka mfululizo kwa dakika kumi na kitu, ikipunguzwa nguvu kidogo kidogo. Ikizima mapema, umeanguka. Ikizidi kuwaka, mafuta yanakwisha ukiwa ungali juu.

Na mafuta hayo yabebwe. Mvuvi wa hapa anayetaka kwenda Kiunga na kurudi bila kituo cha petroli njiani anaijua hesabu hii: kila dumu unaloongeza linaifanya boti iwe nzito, na boti nzito inakula zaidi, kwa hiyo unahitaji dumu jingine la kulibeba lile la kwanza. Kwa Mwezi hesabu hiyo inakuwa katili. Chombo kilichowatua Neil Armstrong na Buzz Aldrin, wale wa kwanza kukanyaga Mwezi, kilikuwa na tani kama 15, na zaidi ya theluthi mbili zilikuwa mafuta. Katika zile tani 2,900 zilizoondoka duniani, kilichorudi na kuelea baharini ni kidude cha tani tano hivi, na watu watatu ndani.

Tatizo la pili ni macho. Nahodha anayeingia Malindi anazo alama zake za nchi kavu, anaujua mlango wa mwamba, na usiku ana nyota. Mwezini hakuna mnara wa taa wala mtandao wa GPS uliotengwa kwa ajili yake. Chombo hujikadiria kiko wapi kwa kutazama picha za mashimo yaliyo chini yake, na hupima kimo kwa rada au mwali wa leza. Wala huwezi kukiongoza ukiwa duniani. Mawimbi ya redio huchukua sekunde 1.3 kufika na nyingine 1.3 kurudi. Ukiona jiwe kwenye skrini, chombo kimeshalifikia, na amri yako bado iko njiani. Ndiyo maana vyombo visivyo na mtu vinapoanza kushuka huachwa viamue vyenyewe.

Kisa cha Hakuto-R kinafundisha kuliko maelezo yangu yote. Kilikuwa chombo cha kampuni ya Kijapani iitwayo ispace, na Aprili 2023 kilikuwa kinashuka vizuri kabisa. Kikapita juu ya ukingo wa shimo kubwa, na ghafla ardhi chini yake ikashuka kilomita kama tatu. Kipima kimo kikasema kweli: tumekuwa juu zaidi. Kompyuta, ambayo ilifundishwa kutotarajia mabadiliko makubwa kiasi hicho, ikahukumu kwamba kipima kimo kimeharibika, ikaacha kukisikiliza. Ikaendelea na makadirio yake yenyewe. Mwisho ikaamini imefika chini, kumbe iko kilomita tano hewani kusiko na hewa. Ikabaki hapo ikielea kwa injini, ikingoja kugusa ardhi, mpaka mafuta yakakwisha. Kisha ikaanguka.

Nilipomsimulia nahodha alinyamaza, halafu akasema: "Ameitupa bildi." Kwa wasioijua, bildi ni ile kamba yenye kipande cha madini ya risasi, ya kupimia kina cha maji. Ukivuka ukingo wa mwamba, risasi inazama ghafla na kamba inakwisha mkononi. Nahodha mjinga atasema kamba imekatika, ataitupa na kuendelea kwa kukisia. Hakuna chuma kilichovunjika kwenye Hakuto-R. Injini ilikuwa nzima, kipima kimo kilikuwa kizima. Wajapani waliibadili sehemu ya kutua baada ya chombo kusanifiwa, na majaribio waliyofanya kwenye kompyuta hayakuwa yamelizingatia vya kutosha lile shimo.

Karibu kila ajali ya miaka hii ina mdudu mdogo wa namna hiyo. Luna-25 ya Urusi, Agosti 2023: injini ilitakiwa iwake sekunde 84 ili kupunguza obiti, ikawaka 127, chombo kikagonga Mwezi. Odysseus ya Marekani, Februari 2024: swichi ya usalama ya kipima kimo cha leza ilisahauliwa bila kufunguliwa duniani. Kilifika chini kwa njia nyingine, lakini kilivunja mguu na kulala ubavu.

Na hili la kulala ubavu watu hulicheka sana mtandaoni, bila kujua sababu yake. Mvutano wa Mwezi, yaani nguvu inayovuta vitu chini, ni moja ya sita ya huu wetu. Kuna wanaodhani hakuna mvutano kabisa, kila kitu kinaelea. Si kweli, upo, ila ni mdogo. Mtu wa kilo 60 angejihisi ana kilo 10. Inaonekana kama nafuu, na kwa injini ni nafuu kweli. Kwa miguu ya chombo ni mtihani. Fikiria mashua tupu isiyo na farumi, ule uzito wa chini unaoituliza: wimbi dogo la ubavuni linailaza, wakati ile iliyoshiba mizigo ingeyumba tu na kurudi. Chombo Mwezini hakina uzito wa kukishikilia chini, lakini kikija na mwendo wa pembeni, msukumo wa huo mwendo haukupungua hata kidogo. Mguu mmoja ukikwaa jiwe, kinapinduka. Machi 2025 chombo kingine cha Wamarekani, Athena, kililala karibu na ncha ya kusini, mahali ambapo jua haliinuki juu, vivuli ni virefu, na shimo na kivuli ni vigumu kutofautishwa.

Halafu vumbi. Mchanga wa hapa umesagwa na mawimbi kwa karne na karne, ukiushika ni laini. Vumbi la Mwezi halijawahi kuguswa na maji wala upepo. Chembe zake zina ncha kama vigae vya chupa. Injini ikikaribia chini hulipeperusha lote, na hapo ndipo rubani anapohitaji kuona.

Tumrudie yule kijana. Mbona 1969 waliweza?

Jibu la kwanza ni kwamba walikuwa na nahodha. Ile kompyuta dhaifu haikufanya kazi peke yake. Ilizidiwa wakati wa kushuka, ikapiga kengele za hatari, na Armstrong alipochungulia dirishani akaona inawapeleka kwenye uwanja wa mawe makubwa. Akashika usukani mwenyewe, akayavuka mawe, akatafuta pahali tambarare, akatua akiwa amebakiwa na mafuta ya chini ya dakika moja. Macho ya binadamu na uzoefu wake vilifanya kile ambacho leo tunakitaka mashine ikifanye bila mtu. Na hesabu hii naipenda: siku iliyofuata, Julai 21, 1969, wawili hao wakiwa bado Mwezini, chombo kisicho na mtu cha wapinzani wao Wasovieti, Luna 15, kilijaribu kutua na kikaanguka. Wasovieti walikuwa na kila sababu ya kuwaumbua Wamarekani kama wangekuwa wanadanganya, na vyombo vya kuwafuatilia walikuwa navyo.

Jibu la pili ni kwamba tumesahau ajali za zamani. Vyombo sita vya kwanza vya Marekani katika mpango wa Ranger, kuanzia 1961, vyote vilishindwa kutimiza kazi yake. Vyombo saba vya Surveyor vilivyotumwa kutua bila watu, viwili vilipotea. Januari 1967 wanaanga watatu, Grissom, White na Chaffee, walikufa moto ulipowaka ndani ya chombo chao kikiwa bado ardhini kwa majaribio. Tunakumbuka bendera, hatukumbuki makaburi.

Jibu la tatu ni fedha. Mwaka 1966 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa likipata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti yote ya serikali yao. Watu wapatao 400,000 walifanya kazi katika mpango wa Apollo, ule uliowapeleka watu Mwezini. Leo sehemu ya NASA haifiki nusu ya asilimia moja. Walikuwa wakishindana na Wasovieti, wakashinda, na baada ya kushinda wakafuta safari zilizobaki. Watu 12 walitembea juu ya Mwezi, wa mwisho Desemba 1972. Viwanda vikafungwa, mafundi wakazeeka.

Wengi hukwama hapa: inawezekanaje kitu kilichowezekana jana kisiwezekane leo? Sisi watu wa pwani ndio tungepaswa kulielewa hili kuliko wote. Kuna mtepe. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, kikaundwa visiwa vya Lamu na kubeba boriti na mizigo kwa karne nyingi. Nenda leo Pate au Faza ukaagize mtepe wa kusafiria, uone kama utaupata. Mafundi walikufa na mikono yao, na walipotaka kuuunda mmoja wa mfano kule Zanzibar ilibidi wajifunze upya. Hakuna anayesema mitepe haikuwahi kuwepo. Ujuzi hukaa kwa watu. Watu wakiondoka bila kurithisha, michoro pekee haitoshi.

Wachina wamelionyesha hilo kwa njia ya kheri. Tangu 2013 wametua mara nne, mbili kati ya hizo upande wa Mwezi tusiouona kutoka duniani, na hawajaanguka hata mara moja, kwa sababu kila safari inajengwa juu ya iliyotangulia, kwa fedha zisizokatika. India nayo ilianguka Septemba 2019. Wahandisi wake wakaketi na kuuliza kila kitu kinachoweza kuharibika. Wakaimarisha miguu, wakaongeza mafuta, wakapanua uwanja wa kutua kutoka mita 500 kwa 500 hadi kilomita nne kwa 2.4. Agosti 23, 2023 walitua, siku nne tu baada ya Warusi kuanguka. Kwangu mimi huo ni mfano bora kuliko hata Apollo, kwa kuwa ulifanywa kwa bajeti ndogo na kwa unyenyekevu wa kukubali kosa.

Wanaokana safari zile husema pia kwamba bendera ya Wamarekani ilipepea pasipo na upepo, na kwamba nyota hazionekani pichani. Bendera ilikuwa na fimbo ya mlalo juu yake ili isinywee, na ikitikiswa mahali pasipo na hewa huchelewa kutulia kwa kuwa hakuna kinachoizuia. Nyota hazionekani kwenye picha kwa sababu ile ile ambayo ukipiga picha ya harusi usiku chini ya taa kali, anga nyuma ya bibi harusi hutoka nyeusi tupu. Na kuna vioo ambavyo Apollo 11, 14 na 15 waliviacha kule. Hadi leo wanasayansi huvipiga leza kutoka duniani na mwanga hurudi. Mawe kilo 382 yaliyoletwa yamechunguzwa na maabara za nchi nyingi.

Swali la mwisho la nahodha lilikuwa zuri kuliko yote. "Haya, wameshuka. Wanaondokaje?" Mashine ikishatua, kazi imekwisha, ikifa huko, ni hasara ya fedha. Mtu anataka hewa, maji, joto lisilomuua mahali ambapo mchana huzidi nyuzi 100 na usiku hupita nyuzi 100 chini ya sifuri, kila kimoja kikidumu wiki mbili za hapa kwetu. Zaidi ya hayo anataka injini ya pili ya kumwinua, na ile ya Apollo ilikuwa moja tu kwa kila chombo, bila akiba. Ingekataa kuwaka, hapakuwa na wa kuwafuata. Siku zile walikubali kuibeba hatari hiyo kwa sababu ya mashindano. Leo wanaotaka kurudi Mwezini, katika mpango wa Marekani uitwao Artemis, wanataka kukaa muda mrefu zaidi, karibu na ncha ya kusini, kwa vyombo vikubwa ambavyo vitahitaji kuongezewa mafuta angani kabla ya kuondoka. Kila sharti moja linaongeza miaka.

Mara nyingine ukikuta kutua kunaonyeshwa moja kwa moja, yaache maneno ya mtangazaji, tazama nambari mbili kwenye skrini: kimo na mwendo. Zinatakiwa zifike sifuri pamoja. Na zikifika, usishangilie bado. Ngoja waseme kimesimama wima.